Mia Tano na Tisa

Kwa muda uliozidi mwaka mmoja, katika majedwali ya Shirika la Afya Duniani, jina la Tanzania lilikaa mkabala wa tarakimu mbili zisizosogea: wagonjwa 509, waliofariki 21. Jirani zetu wa kaskazini walikuwa wakisomewa hesabu yao kila alasiri kwa utaratibu kama wa adhana. Wataliana, Wahindi na Wamarekani walikuwa wakihesabu maiti kwa maelfu na baadaye kwa malaki. Hata visiwa ambavyo wengi wetu hatukupata kuyasikia majina yake vilikuwa na safu yake ya nambari, ikipanda na kushuka kama maji ya bahari. Lakini safu yetu sisi, tangu siku za mwanzo za Mei 2020, ilisimama kama saa ya ukutani iliyosahauliwa kutiwa ufunguo, ikimwambia kila apitaye kuwa ni saa nne na robo, ilhali jua limekwisha kuzama na taa zimekwisha kuwashwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kama walivyo wengi wa mji huu, nusu ya ukoo wangu uko Mombasa. Mpaka wa Horohoro haukupata kutugawa katika harusi wala katika maziko. Kijana wetu akiposa Mji wa Kale, bibi harusi huletwa Chumbageni kwa magari na vigelegele, na askari wa pande zote mbili huonjeshwa halua. Kwa hiyo ugonjwa huu ulipokuja nilipata fursa ambayo sikuiomba, ya kuuona umma mmoja wenye lugha moja, itikadi moja na hata mapishi mamoja, ukitawaliwa na dola mbili katika balaa moja, na kila dola ikitoa amri zake mbali, kana kwamba kirusi kilikuwa kikisimama pale mpakani kugongewa muhuri kisha kikabadili tabia.

Kenya ilimtangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na sisi tukamtangaza wetu siku tatu baadaye, huko Arusha. Mpaka hapo tulikuwa sawa. Shule zilifungwa huku na kule, mikusanyiko ya michezo ikazuiwa, na mbele ya kila duka ikasimamishwa ndoo yenye koki, na kando yake kipande cha sabuni kilichofungwa kamba kisiibiwe. Kisha njia zikaachana. Nairobi iliweka amri ya kutotoka nje usiku, ambayo wenzetu waliiita kafyu, ianze tarehe 27 Machi saa moja jioni. Na jioni ile ile ya kwanza, pale kivukoni Likoni, ambapo vibarua na wachuuzi wa Mombasa hawana budi kungoja feri ili warudi makwao kusini ya kisiwa, polisi wakawaingilia kwa virungu na moshi wa kutoza machozi kabla hata saa ya amri haijagonga, hata ikawa watu walioambiwa wasikaribiane wamelazwa chini ubavu kwa ubavu, na walioambiwa wasijiguse nyuso wanajifuta macho kwa viganja. Rais Kenyatta aliomba radhi siku chache baadaye, na kuomba radhi si jambo dogo kwa mwenye dola. Walakini kirungu kilikuwa kimekwisha kusema, na maneno ya kirungu hayafutiki upesi.

Tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa katikati, Mji wa Kale ukafungwa pamoja na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi, mtu asiingie wala asitoke. Nilimpigia simu mtoto wa mjomba wangu, ambaye kwa umri ni kaka yangu mkubwa na kwa maneno ni msemaji wa ukoo, nikamwamkia na kumuuliza hali.

"Marahaba, ndugu yangu," akasema. "Twashukuru. Futari twala, ila twala wenyewe kwa wenyewe, hapana wa kupelekeana sahani."

"Na maradhi, kaka?"

"Maradhi hayatutishi sana. Litutishalo ni kupimwa."

Nilidhani ametania, kumbe alikuwa akieleza jambo ambalo ningelisoma baadaye magazetini kwa maneno marefu zaidi. Waliopatikana na ugonjwa, na hata walioshukiwa kumkaribia mgonjwa, walikuwa wakipelekwa karantini katika majengo yaliyoteuliwa na serikali, na mwanzoni walidaiwa wenyewe gharama ya chakula na malazi, kama mahabusi anayelipishwa kodi ya chumba chake. Serikali ikaja kulibeba deni hilo, lakini mchuuzi wa samaki alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: akijipima hasara, asipojipima pengine atapona. Watu wa afya waliokuja na vijiti vyao vya puani wakaona milango imefungwa, na wako walioandika kwamba watu wa Mji wa Kale ni wajinga na wakaidi. Mimi nakataa. Umma ule ulikuwa umefanya hesabu sahihi juu ya bei iliyowekwa na serikali yenyewe.

Nayasema haya kwanza ili nisidhaniwe kuwa nimekuja kuishitaki nchi yangu kwa kuisifu ya jirani. Rais John Magufuli alipokataa kuifunga Tanzania, akashikilia kwamba mtu anayekula jioni kile alichokichuma asubuhi hawezi kuambiwa akae ndani wiki tatu bila ya kuletewa unga mlangoni, alikuwa akisema kweli ambayo mabwana wengi wa afya, waliokuwa wakituandikia nasaha kutoka nyumba zenye majokofu yaliyojaa, hawakuipa uzito. Masoko yalibaki wazi, mabasi yakasafiri, na nyumba za ibada hazikufungwa kwa amri ya serikali hata siku moja. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo wakarejea madarasani tarehe 1 Juni, na wengine wote kabla ya mwezi ule kwisha. Ukitaka kujua ubora wa jambo hili litazame ukiwa Uganda, ambako shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022, na mabinti walioondoka wakiwa na mikoba ya vitabu wakarudi, wale waliorudi, wakiwa na watoto mgongoni. Tarehe 1 Julai 2020, katikati ya tufani ile, Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia katika daraja la nchi za uchumi wa kati. Siyo haki kuyasahau haya kwa kuwa tu aliyeyasimamia alikosea katika jambo jingine.

Jambo hilo jingine ndilo nililokaa kuliandikia. Yako mawili ambayo watu wengi, wamsifuo na wamlaumuo, huyachanganya kama mchele na chuya: kuifunga nchi na kuihesabu nchi. Mtawala anaweza kukataa la kwanza kwa busara kamili na bado akawa na wajibu wa la pili. Bali asiyefunga ndiye anayehitaji hesabu zaidi, maadamu amewaachia raia wake uhuru wa kutembea, na mtembezi wa usiku humnyimi taa kwa sababu umemwacha atembee.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba aliamuru vipelekwe katika maabara ya taifa vipimo vilivyochukuliwa katika papai, mbuzi na vitu vinginevyo, vikapewa majina na umri wa watu, na kwamba baadhi ya majibu yakarudi yakisema kuwa papai lina korona na mbuzi ana korona. Nchi nzima ilicheka, nami nilicheka. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Na ikiwa yaliyosemwa yalikuwa kweli, basi lilikuwa jambo la kustahili uchunguzi, kwani kipimo kinachomwona mbuzi kuwa mgonjwa kinaweza pia kumwona mgonjwa kuwa mzima. Lakini mwenye duka akigundua kuwa mizani yake imepotoka huifungua akaitengeneza, au huazima ya jirani wakati yake iko kwa fundi. Sijapata kumwona aliyeamua tangu siku ile kuuza sukari kwa kukisia kwa macho. Taarifa za wagonjwa, zilizokuwa zimeanza kupungua, zikakatika kabisa, na mapema mwezi wa Juni tukaambiwa kuwa kwa rehema za Mungu, baada ya sala na dua za taifa zima, korona imekwisha.

Sikiliza sasa umma ulifanya nini, kwani hapa ndipo penye siri ya mambo. Zile ndoo mbele ya maduka, nilizokuwa nikizipita kila siku nikienda sokoni Ngamiani, hazikuondolewa kwa amri, zilikauka. Kwanza sabuni ilikwisha pasiwe na wa kuleta nyingine, kisha maji yakawa ya jana, kisha koki ikaharibika, na mwisho ndoo ikageuzwa kiti cha mlinzi. Barakoa, neno zuri ambalo kwa wazee wetu lilikuwa jina la sitara ya uso ya mabibi wa Unguja na Maskati, na ambalo maradhi haya yalilitoa sandukuni na kulivika wanaume na makondakta wa daladala, ikarudi mifukoni na kutoka mifukoni ikaingia jaani. Watu wale wale waliokuwa wakisalimiana kwa kugusana miguu mwezi wa Aprili, kwa kicheko na kwa hadhari, walikuwa wakikumbatiana mwezi wa Julai. Raia wetu hawakuasi hata kidogo. Walipoambiwa kuna ugonjwa walinawa, na walipoambiwa ugonjwa umekwisha waliacha kunawa. Na mtu akitaka kulitukana taifa kwa utiifu huo, na alitukane, lakini mimi sijui taifa lifanye nini zaidi.

Tena lililobaki, walilibuni wenyewe. Ilipokuja minong'ono kwamba fulani kaanguka na fulani hapumui, watu hawakungoja tangazo. Walitwaa nyungu, wakazijaza majani ya mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na mlimao, wakajifunika blanketi na kuvuta mvuke mpaka jasho likawatiririka. Kupiga nyungu hakuui kirusi, na daktari yeyote mkweli atakuambia hivyo; wako pia walioungua. Lakini nisingependa kuwacheka waliojifukiza. Mtu aliyenyimwa habari za adui hushika silaha iliyo karibu, na nyungu, tofauti na mambo mengi ya siku zile, walau ilikuwa ikikiri kwamba kuna ugonjwa. Taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi nayo ilichanganya tangawizi, kitunguu saumu, malimau na pilipili katika chupa, na ndege ya serikali ikaenda Madagascar kuleta dawa ya mitishamba iliyokuwa ikisifiwa huko. Dola iliyosema hakuna hesabu ilikuwa ikitafuta dawa, na raia si wapumbavu, waliona.

Hoja kubwa iliyotolewa kwa ajili ya ukimya ule ilikuwa hofu: kwamba hofu huua kuliko maradhi, na kwamba mtu mwenye imani humwachia Mungu. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana imesimama katika udongo wetu wenyewe. Nakumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni cha Sayyidna Umar bin Khattab, aliyetoka Madina kuelekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapokewa na majemadari wake kwa habari kwamba waba umeingia katika nchi ile. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakawa na rai moja, kwamba watu warejeshwe wasipelekwe katika mauti. Aliponadi kuwa kutapambazuka akiwa njiani kurudi, Abu Ubaida, jemadari wake mpendwa, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alisikitika kwamba swali lile limetoka katika kinywa kama kile, kisha akalijibu kwa maana kwamba wanaitoka kadari moja ya Mungu wakiiendea kadari yake nyingine, na akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka penye kingo mbili za bonde, moja ina malisho na moja ni kame, na popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari hiyo hiyo. Abu Ubaida alibaki na askari wake, na waba ule, uitwao wa Amwas, ukamchukua.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa ili kuthibitisha kwamba kujikinga hakupingani na imani, na hilo ni kweli. Lakini kila nikikirudia huona jambo jingine ambalo maalimu wangu hakulitilia mkazo. Habari zilimfikia mtawala zikiwa kamili, na walioleta habari mbaya hawakuulizwa wametumwa na nani. Watu wenye elimu walihitilafiana mbele ya wenzao na hakuna aliyevuliwa kilemba. Jemadari alimhoji khalifa wake mbele ya kadamnasi, akajibiwa kwa hoja, na akarudi katika kazi yake akiwa na cheo chake. Na baada ya karne nyingi sisi tunajua rai ya kila upande, kwa sababu hakuna aliyeona haya kuisema wala kuiandika. Imani ya watu wale haikuhitaji kufichwa habari ili isimame.

Si kweli kwamba tulikuwa peke yetu. Burundi iliwafukuza wajumbe wa Shirika la Afya Duniani mwezi wa Mei 2020, uchaguzi ukiwa mlangoni. Na ukirudi nyuma utakuta kwamba kufichaficha huku ni desturi kongwe ya wakubwa, wenye nguvu kuliko sisi. Homa kuu ya mwaka wa 1918, iliyoingia Mombasa kwa meli na kupanda bara kwa reli, ikiwakuta wapagazi wa vita waliokwisha kudhoofika kwa njaa na mizigo, wale ambao jina la kikosi chao limebaki mpaka leo katika soko la Kariakoo, iliitwa homa ya Kihispania. Na iliitwa hivyo kwa sababu mataifa yaliyokuwa vitani yaliyafunga midomo magazeti yake yasiandike kuwa askari wanakufa vitandani, ilhali Hispania, ambayo haikuwa vitani, iliandika wazi, pamoja na habari ya mfalme wake kuugua. Aliyesema kweli akapewa ugonjwa kuwa wake. Na lisidhaniwe kuwa jambo la kale: Novemba 2021, wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana walipoutangazia ulimwengu upesi na kwa uaminifu kwamba wameona namna mpya ya kirusi, ile iliyopewa jina la Omicron, malipo yao yalikuwa ni kufungiwa safari za ndege na mataifa tajiri kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo waziri wa nchi inayoishi kwa watalii, akiogopa kuitaja nambari, haogopi kivuli. Anaogopa kitu chenye meno, nami hujiuliza kama ningekuwa na ushujaa zaidi yake. Unguja ya mwanzo wa mwaka 2021 ilikuwa imejaa wageni kutoka Urusi, wakati fukwe nyingi za dunia zilikuwa tupu, na mpishi wa hoteli ya Nungwi aliyekuwa akiwalisha watoto wake kwa mshahara huo hakuwa na neno baya la kuusema ukimya.

Lakini wala kuhesabu si bidaa iliyoletwa juzi. Kipindupindu kiliipiga Unguja kati ya 1869 na 1870, na daktari wa Kiskoti aliyekuwa akimtibu Sultani, James Christie, akaifuatilia njia yake hatua kwa hatua kwa kuwauliza waliosafiri, wafanyabiashara na watu wa misafara, hata akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1876 kinachoonyesha jinsi maradhi yalivyofuata njia za biashara mpaka pwani. Na Seyyid Barghash, aliyekalia kiti katika mwaka huo huo wa 1870, ndiye aliyekuja kuvuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, watu wakapata ya kunywa yasiyotoka visimani karibu na vyoo. Sisemi kuwa kitabu ndicho kilicholeta bomba. Nasema kwamba mji ule ulifahamu kilichouua na kwa njia gani kilikuja, na kwamba waliofahamu walikuwa manahodha na wapagazi kabla ya madaktari.

Ukawadia Februari 2021, mwezi ambao sitausahau. Lugha ya Kiswahili, yenye maneno ya maradhi kuanzia tauni mpaka chango, ilipata siku zile istilahi mpya: changamoto ya upumuaji. Neno changamoto, ambalo lilikuwa na maana ya kutia watu hamasa, lilifanywa kuwa sanda. Ndilo lililosomwa katika tanzia, ndilo lililonong'onwa barazani, na ndilo nililoambiwa mimi na kijana mwenye koti jeupe katika wodi moja, nisiyoitaja, alikolazwa shangazi yangu, nikamuuliza, "Mwanangu, ni hilo hilo?" akainamisha kichwa akasema, "Ndilo hilo, mzee, lakini hatuandiki." Sikumkasirikia. Alikuwa na umri wa mjukuu wangu, amesimama siku mbili bila ya kulala, na juu ya kazi ya kutibu alikuwa amebebeshwa kazi ya kunyamaza. Maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kutoa waraka mwezi wa Januari kuwatahadharisha waumini wao, na walifanya vyema. Masheikh wetu, kwa masikitiko nakiri, wengi walikuwa kimya.

Huko Zanzibar, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, kikatangaza mchana kweupe kwamba Maalim ana korona. Nadhani uzito wa tangazo lile bado haujapimwa sawasawa. Katika nchi ambayo nambari ilikuwa imesimama kwa miezi tisa, mtu mmoja mwenye jina alikubali kuhesabiwa. Alifariki tarehe 17 Februari, na siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha alitolewa mbele ya waandishi hospitalini Dodoma ili watu waone kwamba yu hai, akakohoa mbele ya kamera hata waliokuwa wakitazama majumbani wakainuka vitini. Mwezi uliofuata Rais mwenyewe hakuonekana, uvumi ukajaa, waliouvumisha wakakamatwa, na tarehe 17 Machi Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akalitangazia taifa kwamba amefariki kwa maradhi ya moyo. Ndivyo ilivyotangazwa, nami sina la kuongeza juu yake. Lakini angalia lililotokea mitaani: watu wengi hawakuamini, na hawakuamini kwa sababu ya yale yaliyowazoeza kutoamini. Serikali iliyoshikilia 509 karibu mwaka mzima ilikuwa imeutumia wote mtaji wake wa kusadikiwa, na siku ilipokuwa na haja ya kusadikiwa katika jambo zito kuliko yote, haikuwa na akiba.

Rais mpya aliunda kamati ya wataalamu, na mwezi wa Juni akatamka hadharani kwamba wagonjwa wapo na wamezidi mia. Hiyo ilikuwa nambari ya kwanza kutoka kinywani mwa mkuu wa nchi baada ya muda mrefu, nami niliisikia redioni nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi akasimamisha mashine. Tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya watu, Ikulu, Dar es Salaam, katika shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja iliyotoka Marekani. Na hapa deni la ukimya likadaiwa mara ya pili. Tangu Januari ya mwaka ule ule umma ulikuwa umeambiwa kwamba chanjo za kigeni si za kuaminiwa. Miezi sita baadaye uliambiwa uje upange foleni. Mchungaji mmoja mwenye kiti bungeni aliendelea kuipinga hadharani, na alipata wasikilizaji tele. Lawama ni juu ya mataifa tajiri pia, yaliyojirimbikizia dozi kupita idadi ya watu wao wakati wahudumu wetu wa afya hawana hata moja, hata zilipotufikia tukazishuku kama chakula kilichobaki cha mgeni. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani aliyekuwa ameshona barakoa mia mwaka wa kwanza, alikataa kuchanjwa, na nilipojaribu kumsemesha alinijibu kwa utulivu kwamba wakubwa watakapoafikiana wao kwa wao watamkuta hapo hapo penye cherehani yake.

Shirika la Afya Duniani lilikuja kukisia, mwezi wa Mei 2022, kwamba waliokufa kwa sababu ya janga hili katika miaka ya 2020 na 2021, kwa njia iliyonyooka au ya kando, walikuwa kiasi cha milioni 15, karibu mara tatu ya wale walioripotiwa na serikali zao. Basi hata waliohesabu hawakuhesabu sawasawa, na sisi ambao maiti zetu aghalabu hutoka nyumbani na kuzikwa kabla ya jua kuchwa, pasipo daktari wala cheti, tungepunjika hata kama tungejitahidi. Kuna tofauti baina ya aliyepunja kwa upungufu wa chombo na aliyefunga duka, na tofauti hiyo ndiyo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo wa makala haya.

Mtaani kwetu tuna chama cha kuzikana, cha zamani kuliko uhuru, na mweka hazina wake ni mzee ambaye kwa mwandiko wake unadhani anaandika mkataba wa ndoa kila siku. Daftari lake lina safu nne: jina la marehemu na la baba yake, tarehe, kiasi cha sanda na pamba, na gharama. Daftari la mwaka 2021 lilijaa kabla ya mwaka kujaa. Nilikwenda kwake kutafuta tarehe ya shangazi, kwa ajili ya hitima, na alipolifungua nikaona kwamba kuanzia ukurasa wa Februari amechora kwa rula, kwa wino wa rangi nyingine, safu ya tano, na juu yake ameandika "Sababu". Nilifuata mstari kwa kidole mpaka jina la shangazi yangu, na majina yaliyo chini yake, na ya ukurasa wa pili. Safu yote ilikuwa tupu.

"Nimeiacha," akasema, akitafuta miwani yake. "Nikiulizwa siku moja, nafasi ipo."